Bobini ya Mwisho ya Mulefu

Tangu nistaafu mwezi uliopita, vijana watatu wa kituo cha televisheni wamekuwa wakinifuata hapa nyumbani, mtaa wa Bel-Air, wakitaka niwaandikie mambo ya sinema ya zamani. Safari hii wameniletea daftari na kalamu, basi sina pa kujificha. Nawaambia mapema kwamba sitaeleza nani alinipandisha cheo, maana katika kibanda cha mashine kulikuwa na cheo kimoja tu na nilikuwa nacho mimi. Wala sitalalamika kwamba ukumbi wetu umeuzwa kwa kanisa. Wachungaji wamebakiza spika zangu, na Jumapili nikipita pale nasikia bado zinafanya kazi vizuri kuliko wanaozitumia.

Nitaandika juu ya mashine, juu ya ugeni, na juu ya Papa Kabeya, aliyenifundisha kusema na watu.

Jina langu Ramadhani, mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Mashine nilijifunza Kigoma kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyenipiga kofi la kisogoni kila picha ilipotetemeka. Nilifika huku mwaka mmoja kabla ya Kongo kupata uhuru, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, nikiwa na sanduku la mbao, kanzu mbili, na barua ya kunijulisha kwa Mgiriki mmoja mwenye ukumbi wa sinema katika mtaa wa Albert, ambao siku hizi tunauita Kamalondo. Mgiriki huyo, Bwana Stavros, alikuwa mpole wa sura na mkali wa maneno. Alizungumza kile Kiswahili cha mabwana wa zamani, kisichojua salamu wala tafadhali.

"Weye najua mashine?"

"Naijua, bwana."

"Bon. Filimu nakatika, batu navunja kiti. Kiti navunjika, weye narudi Ujiji."

Siku yangu ya kwanza filamu ilikatika mara nne. Zilikuwa mashine mbili, nzito, zikiwashwa kwa vijiti vya kaboni vinavyotoa mwanga wa kuumiza macho, na kibanda kilikuwa na joto la tanuri la mikate. Filamu moja huja katika magurudumu saba au manane, kila moja ndani ya kopo lake, na huku tunayaita bobini. Bobini moja ikikaribia kwisha, alama ndogo ya duara hutokea kwenye pembe ya picha, na hapo una sekunde chache za kuwasha mashine ya pili kabla watu hawajaona weupe. Nyinyi vijana mnabonyeza kitufe. Mimi nilikuwa na wembe, gundi inayonuka kama ndizi mbivu, na mikono miwili iliyojaa makovu.

Hata hivyo hakuna kiti kilichovunjwa siku ile. Kila picha ilipopotea, sauti ya mtu iliendelea gizani kana kwamba hakuna kilichotokea. Huyo alikuwa Kabeya.

Inabidi niwaeleze kazi yake, maana imekufa. Filamu zetu zilisema Kifaransa, Kiingereza au Kihindi, na watazamaji wengi hawakujua hata kimojawapo. Basi ukumbi ulikuwa na mtu wa kueleza, anayekaa karibu na kidirisha cha kibanda na maikrofoni mkononi, akisimulia kwa Kiswahili kinachotokea. Kabeya alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, tai shingoni hata kwenye lile joto. Kabla ya kuanza alikohoa mara mbili kwenye maikrofoni. Ukumbi mzima ulinyamaza. Halafu askari wa Amerika anageuka komisere wa polisi wa hapa hapa, baa yao inageuka kilabu ya pombe ya jirani, na mwizi wa ng'ombe anapata jina la mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Watu walikuja kumsikiliza yeye, na picha walipewa kama nyongeza.

Mniruhusu nitoe maoni yangu juu ya filamu zenyewe, kwa kuwa nimeziona nyingi kuliko padri yeyote aliyezikemea. Mimi ni mtu wa filamu za Kihindi. Mle mtu akilia analia dakika kumi, na wimbo unamsubiri. Kabeya hakuzivumilia. "Hawa bantu banalia sana," alikuwa akisema. "Habana kazi ya kufanya?" Yeye alipenda za farasi na bastola. Alisema zinafanana na mji wetu: kila mtu ametoka mbali kutafuta kazi, na kila mmoja anadai kwamba alifika wa kwanza. Vijana wa Albert nao walizipenda. Walivaa kofia pana, wakatembea kwa kutanua miguu kama watu walioshuka sasa hivi kwenye farasi, na wote walikuwa na baiskeli. Wazazi walilalamika. Mimi sikuona ubaya, isipokuwa kofia hizo ziliwazibia wa nyuma picha yangu.

Sasa na nikiri langu. Nilikuja huku na majivuno ya lugha. Nilipowasikia watu wakisema "bantu" na "iko" niliwaona hawajui Kiswahili, nikawasahihisha, hata sokoni, hata wazee. Walinipa jina la Mungwana, kama wanavyowaita huku Waislamu wa upande wa ziwa wenye kanzu, na walilitamka wakicheka. Tena nilikuwa nimeambiwa nikiwa bado kwenye treni kwamba watu wa Kasai, jimbo la jirani, wanajiona, wanajua kusoma, wanashika kazi zote nzuri. Niliyaamini hayo kabla sijamjua Mkasai hata mmoja, nikayarudia msikitini kama habari niliyoichunguza mwenyewe. Kabeya alikuwa Mkasai. Alinisikia siku moja nikisema hayo na hakunigombeza.

"Mungwana," aliniambia, "weye unasemaka kama kitabu. Mais kitabu hakichekeshe muntu. Kuya ukae hapa, usikilize."

Nikakaa. Kwa miezi nilimsikiliza, hata ile mais yake ya Kifaransa, yaani lakini, nikaizoea, na nikaanza kuelewa kwamba wale watu niliokuwa nawasahihisha walikuwa na lugha iliyokamilika, na mwenye kilema nilikuwa mimi.

Baba yake Kabeya aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa mitaa miwili tu kutoka ukumbini, akabatizwa pale, akaoa pale, watoto wake wanne wakazaliwa katika nyumba ile ile aliyozaliwa yeye. Kasai alikuwa hajafika hata siku moja.

Katanga, jimbo letu hili, ilipojitenga na Kongo, mwanzoni tulicheza dansi. Bendera mpya, stempu mpya, nyimbo mpya kati ya bobini na bobini. Mimi nilikuwa na karatasi ya Waingereza iliyosema natoka Tanganyika, na polisi waliisoma juu chini na kunirudishia kwa heshima. Lakini huko kibandani nilisikia jambo ambalo magazeti yalikuwa hayajaliandika. Kabeya alikuwa na desturi ya kuwapa wabaya wa filamu lafudhi za makabila: leo mwizi anasema kama Mungwana, kesho kama Mgiriki, keshokutwa kama Mkasai, na kila kabila lilicheka zamu yake ikifika. Jumapili moja aliweka lafudhi ya Kasai, na ukumbi ukacheka, ila kicheko kilikuwa kirefu kuliko kichekesho, na baadhi ya watu waligeuka kumtazama yeye badala ya picha. Kabeya alikiondoa kile kichekesho na hakukirudia kamwe. Mtu anayesikiliza watu wakicheka kila siku hujua kicheko kinapoharibika, na ninajuta kwamba nilijua nikanyamaza.

Muda si mrefu ikaja filamu ya Mulefu. Jina lake halisi lilikuwa la Kiingereza. Mulefu ndilo Kabeya alilompa shujaa wake, kwa urefu wake. Mulefu anasingiziwa kuiba ng'ombe, na mji mzima aliozaliwa unamkimbiza. Mwisho wa bobini ya saba yuko ndani ya nyumba ya mama yake, watu wenye bunduki wameizunguka, mlango unaanza kufunguka. Kabla ya onyesho nikafungua kopo la nane na kukuta bobini ya filamu nyingine, harusi ya Kihindi. Mtu huko filamu zilikotoka alikuwa amekosea makopo.

Bwana Stavros aliamuru tuonyeshe vivyo hivyo, kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa. Mlango ulipoanza kufunguka nikazima. Nasema kweli, nilifikiri kibanda kitabomolewa. Kabeya alikohoa mara mbili. "Bantu yangu," akasema, "bobini ya mwisho iko mu njia. Mulefu hatakufa bila shiye bote kumuona. Minawaahidi." Wakaondoka wakinung'unika, na kwa wiki nyingi mji mzima uliniuliza swali moja: bobini imefika? Haikufika. Vita ilikuwa imekata reli.

Ndipo mambo yakageuka kwa watu wa Kasai. Walifukuzwa kazini, wakapigwa njiani, nyumba zao zikavunjwa na majirani waliokuwa wakiazimana nao chumvi. Maelfu walikimbilia kambi nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa ONU, yaani wa Umoja wa Mataifa, wakilala chini ya magunia na mabati. Mama Tshala, mke wa Kabeya, alikwenda huko na watoto. Kabeya alichelewa saa moja tu, kwa sababu alirudi kuchukua tai zake, na njia ikafungwa nyuma yao. Vijana fulani walikuja kumwambia Bwana Stavros kwamba hawataki kusikia tena sauti ya Mkasai mle ukumbini.

Mgiriki alipanda kibandani mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kamwe kwa sababu ya joto. Alimkuta Kabeya amekaa juu ya makopo matupu.

"Weye nakaa hapa," alimwambia. "Nakula hapa, nalala hapa. Hapana sema." Halafu akanigeukia. "Weye nasema."

Kwa hiyo nikawa msimulizi. Onyesho langu la kwanza lilikuwa aibu. Nilisema kila kitu sawasawa, kila neno mahali pake, na katikati ya mapigano mtu akapaza sauti: "Mungwana, unatusomea Korani?" Nusu ya watu wakaondoka kabla ya bobini ya nne. Kabeya alikuwa ameketi sakafuni nyuma yangu, mdomo ameuziba kwa kofia, anaugua kwa cheko.

Tangu siku hiyo alininong'oneza. Mimi nilishika maikrofoni, yeye sikioni. "Usiseme 'anakimbia'. Bote banamuona anakimbia. Sema anakimbia kama nani." Nikasema anakimbia kama Bwana Stavros akisikia kiti kinavunjika, na ukumbi ukalipuka. Furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena, na ninaona haya kidogo kuiandika, maana mwenye maneno alikuwa amejificha chini ya meza yangu akila mkate mkavu. Tulionyesha mchana tu, kwa ajili ya amri ya kutotoka jioni. Baada ya wiki mbili watu walirudi. Hata wale vijana waliokuja kumkataza walirudi, wakakaa mbele.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbi umefurika. Nilisema jambo la kuchekesha la kwangu mwenyewe, la kwanza ambalo hakunipa yeye. Mara hiyo hiyo alama ikatokea kwenye pembe ya picha. Nikaweka maikrofoni mezani na kurukia mashine ya pili. Nilibadilisha vizuri sana, hakuna aliyeona weupe. Lakini sikuizima swichi ya maikrofoni. Na Kabeya, aliyekuwa amezuia kicheko kwa wiki mbili, alicheka.

Kicheko chake kilikuwa kama mtu anayepanda ngazi mbilimbili, halafu anajikwaa juu kabisa. Hakuna mwingine mjini aliyecheka vile. Kikatoka kwenye spika zote nne.

Mama mmoja wa nyuma akasimama na kupaza sauti kwa furaha ya kweli: "Papa Kabeya! Papa iko muzima!" Na watu wengi wakapiga makofi. Walimpenda. Walifurahi kwamba hajafa, wakafurahi kwa sauti, na kila kofi walilopiga lilimwambia kila aliyekuwa mle mahali alipo. Nilizima swichi nikiwa nimechelewa kama mtu anayefunga zizi ng'ombe akiwa barabarani. Wale vijana wa mbele walikuwa wameshainuka na kutoka.

Bwana Stavros alifunga milango kwa minyororo na kukaa mbele yake hadi asubuhi na bunduki ya kuwindia, akitukana Kigiriki. Sisi tulikuwa na kazi. Kabeya ilimbidi aondoke kwenda kambini kukipambazuka, na kizuizi cha majandarma, yaani askari wa Katanga, kilikuwa katikati ya njia. Mimi pale walinijua: nilipita mara kwa mara na baiskeli na makopo kuelekea stesheni kuuliza bobini. Tukaamua kwamba Kabeya atakuwa kaka yangu kutoka Ujiji. Nikampa kanzu yangu ya pili na kofia ya mkono. Na mimi, niliyefundishwa na yeye kusema kama mtu wa huku, nikakaa kumfundisha kusema kama mtu wa kwetu.

"Sema: nimewasili juzi."

"Nimewasili juzi."

"Sema: sijambo, alhamdulillahi."

"Sijambo, alhamdulillahi." Alinitazama. "Mungwana, hii lugha yenu iko na tai."

Sikuweza kucheka. Nilimwomba msamaha kwa ile swichi. Akasema: "Si weye. Miye njo nilicheka. Na ile neno ulisema ilikuwa muzuri." Nililia, siwafichi, na yeye akanipa tai moja nifutie uso.

Asubuhi tukatoka, mimi nikisukuma baiskeli yenye makopo matupu, yeye ubavuni ndani ya kanzu iliyoishia kwenye vigimbi. Kwenye kizuizi walikuwepo askari watano na serja wao, yaani sajini, mtu mnene aitwaye Mwepu, mpenzi wa sinema, safu ya pili kila Jumapili kabla ya vita.

"Mungwana! Huyu ni nani?"

"Kaka yangu. Amewasili juzi kutoka Ujiji."

"Jambo, baba."

"Sijambo, alhamdulillahi," akasema Kabeya, vizuri kabisa.

Serja Mwepu alianza kuinua gogo la kizuizi. Halafu akasita, akagonga kopo moja kwa kidole. "Na ile bobini?"

"Bado, Serja."

"Bado, bado. Mungwana, niambie basi. Weye ni muntu ya mashine, unayua. Mulango ulifunguka. Mulefu alikufa ao hapana?"

Nikasema sijui. Ndivyo ilivyokuwa, sikujua. Lakini nilisema vibaya, kwa woga, na Serja akasikitika kama mtoto aliyenyang'anywa chakula. "Sasa tunaweza kufa hapa bila kuyua," akawaambia wenzake.

Hapo nikasikia karibu yangu mtu akikohoa mara mbili.

Mpaka leo sijaelewa kama ilikuwa ujasiri au ugonjwa wa kazi. Kabeya alikuwa ameahidi ukumbi mzima mwisho wa ile filamu, na hakuweza kupita mbele ya mtu anayeusubiri. Akaanza, kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe.

"Mulango ulifunguka. Mulefu akatoka. Mukono wazi, haina bunduki. Akaangalia bale bantu boote, akaita kila muntu na jina yake, sababu anabayua, balikulia pamoya. Akasema: baba yangu njo alijenga daraja yenu. Miye nilizaliwa mu nyumba hii. Kama miye ni mugeni, munioneshe kwetu ni wapi, niende."

Askari walikuwa wameshusha bunduki na kuziegemea. Mmoja alikuwa amekaa chini.

"Bote bakaangalia chini. Na muntu wa kwanza kusogea ni ule mulinzi mwenye komisere alimuweka mu njia. Alikuwa na bunduki kubwa kupita bote. Akaiweka chini. Akasema: Mulefu, pita. Na Mulefu akapita."

Serja Mwepu alimtazama Kabeya usoni, kisha akaitazama kanzu iliyoishia kwenye vigimbi, kisha tai iliyochomoza mfukoni.

"Halafu?" akauliza polepole. "Alirudia ku nyumba?"

"Alirudia," akasema Kabeya. "Kisha siku mingi. Na ule mulinzi njo alimufungulia."

Serja aliinua gogo mwenyewe. "Pitiye, baba wa Ujiji," akasema. "Mais bobini ikifika, nitakuya kuangalia kama ulisema kweli."

Tulitembea bila kugeuka hadi tulipowaona askari wa ONU. Kabeya alivua kanzu, akaikunja vizuri, akanirudishia. Mama Tshala alimpiga ngumi ya kifuani kabla ya kumkumbatia, kwa ajili ya zile tai. Baada ya miezi kadhaa walisafirishwa na wengine kwenda Kasai, kwao, kama karatasi zilivyosema, mahali ambapo hakuna aliyewajua.

Bobini ya nane ilifika baada ya Katanga kusalimu amri. Niliitazama peke yangu asubuhi. Mlango unafunguka, Mulefu anatoka na bastola mbili, anaua watu sita, anambusu msichana wa nywele za manjano, anapanda farasi na kwenda zake milimani. Dakika kumi na moja, na muziki wa kelele. Nimeona filamu mbaya, lakini ile ilinitia hasira, kana kwamba mtu amemtukana rafiki yangu.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Serja Mwepu alikuwa safu ya pili, bila sare, na mkewe na watoto. Kwa miezi yote ile alikuwa ameusimulia mwisho wa Kabeya kila mahali, na kila mtu aliujua. Nilipofika kwenye ule mlango nikaifunga sauti ya filamu. Nikakohoa mara mbili.

"Hapa komisere amelala," nikasema. "Ile anaota. Anaota Mulefu anaua bantu sita, sababu ya roho yake mubaya." Watu sita wakaanguka. "Huyu wa nywele ya manjano ni dada yake, anamusindikiza." Wakabusiana mdomoni, kwa muda mrefu sana, na ukumbi ukapiga yowe la kicheko. "Wanapendana sana mu familia," nikasema. Na farasi alipoelekea milimani: "Anaenda kuita bibi na batoto. Atarudia."

Serja alinisubiri nje. "Mungwana, unasema bongo," akaniambia. Huku bongo ni uongo. "Mais ukae na ile ile. Usibadilishe."

Sikubadilisha. Bwana Stavros aliinunua ile nakala, ikachakaa mikononi mwangu, na kila mwaka mara mbili tatu tuliionyesha. Watu walileta watoto wao wauone mwisho ambao haumo ndani yake.

Miaka mingi baadaye, Jumapili alasiri, niko kwenye bobini ya nane, kidirishani naanza ndoto ya komisere, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu. Mwembamba, nywele nyeupe, tai shingoni. Alitazama wale sita wakianguka, akalitazama lile busu, akanisikiliza mimi. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona ile bobini.

"Kumbe iko mubaya vile," akasema.

Nilimkumbatia na mikono yangu ya grisi. Alikuwa ameshuka kwenye treni asubuhi hiyo. Alikuwa amepita kwenye nyumba aliyozaliwa, akakuta watu wengine, wamepaka rangi nyingine. Walimpa maji ya kunywa na kumuuliza anamtafuta nani.

"Karani ku gare ya treni aliniuliza: papa, weye ni mugeni?" akanieleza. "Nikasema: ndiyo. Niko mugeni wa Mungwana."

Farasi alikuwa ameanza kuelekea milimani. Nikampa maikrofoni. Swichi niliihakikisha kwa kidole: ilikuwa imewashwa.

Alikohoa mara mbili. Mle ukumbini vichwa vikageuka, kwanza vya wazee, kisha vya wote, vikaiacha picha na kutazama kidirisha chetu. Nikaizima mashine, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitazama tena, na yeye akaendelea kusimulia.